Pikipiki Kubwa ya Safari Mombasa: Ijaribu Kwanza, Kisha Uitengeneze Ikufae Wewe

Kabla hujaulizia bei, nunua daftari dogo la kutia mfukoni. Humo utaandika kila kitu kilichokuuma, kilichokusumbua na kilichokutia hofu siku ya kuijaribu pikipiki, na kurasa hizo hizo ndizo utakazompelekea fundi baadaye. Nimeona watu wengi hapa Mombasa wakifanya kinyume. Mtu ananunua Honda Gold Wing au BMW GS kwa macho, wiki ya kwanza anabadilisha bomba la moshi, kisha anakwenda Nairobi mara moja, kilomita zinazokaribia 480, na kurudi mgongo umemshinda. Pikipiki inafunikwa turubai uani. Pesa zilikwenda kwenye sauti na mng'aro, na kiti kilichomtesa bado ni kile kile.

Ninazozungumzia hapa ni pikipiki za safari ndefu, za injini kuanzia kama cc 1,000, zenye masanduku ya mizigo na nafasi ya abiria aliyekaa kwa raha. Ni mashine ninazozipenda kwa dhati, na ndiyo sababu inaniuma kuona mtu akiuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ujue unakwenda kujaribu nini

Honda Gold Wing ya kuanzia 2018 ina injini ya cc 1,833 yenye silinda sita zilizolala, uzito unaozidi kilo 360, na kiti cha chini, milimita 745 tu kutoka ardhini. Mtu mfupi anaikanyagia chini kwa miguu yote miwili bila shida. Lakini springi zake zina mwendo wa sentimita kumi na kidogo tu, na tumbo lake liko chini, kwa hiyo matuta makali ya barabarani huku kwetu yataisumbua. Aina yenye gia za otomatiki ina gia saba, na ina mwendo wa polepole wa kwenda mbele na kurudi nyuma ambao ni neema kubwa unapoegesha kwenye mteremko.

BMW R 1250 GS ina cc 1,254, silinda mbili zilizotoka ubavuni kulia na kushoto, na kilo 249 ikiwa na mafuta. Kiti chake kiko milimita 850, au 870 ukikipandisha. Springi ya nyuma ina mwendo wa sentimita 20, na tofauti yake na Gold Wing utaiona kwenye tuta la kwanza. Ukivuta mafuta ikiwa imesimama, itajivuta kidogo upande mmoja. Huo ni umbo la injini yake, wala si ugonjwa.

Harley-Davidson za safari zina silinda mbili kubwa zilizokaa kama herufi V, na zile zenye injini ya Milwaukee-Eight ni za kuanzia cc 1,746. Zinapeleka nguvu kwenye gurudumu kwa mkanda. Mwenye kuzijaribu azingatie kwamba ngao ya mbele ya Street Glide imefungwa kwenye usukani, na ya Road Glide imefungwa kwenye chesi. Kwenye upepo wa pembeni, ile ya kwanza inakuvuta mikono na ya pili inatulia zaidi. Pwani hii ina upepo, na jambo hilo halisomeki kwenye picha.

Ziko pia zilizotumika ambazo watu hawazipigii kelele: Yamaha FJR1300 ya cc 1,298 na tangi la lita 25, na Honda ST1300 ya silinda nne na tangi la lita 29. Zote mbili zinaendeshwa kwa shafti, hazina cheni ya kupakwa mafuta, na zikitunzwa zinadumu sana. Kwa mtu anayeanza ningemshauri aziangalie hizo kabla ya kukopa pesa za Gold Wing.

Jiulize pia safari zako za kweli ni zipi. Anayevuka Likoni kila siku ajue kwamba maji yakikupwa mteremko wa kuingia feri huwa mkali zaidi, chuma kina unyevu, na mbele yako kuna mamia ya watu wanaotembea kwa miguu. Kuishika pikipiki ya kilo 360 hapo, kwa mwendo wa kinyonga, ni kazi ya mwili. Barabara ya Dongo Kundu imetuondolea sehemu ya mzigo huo, lakini nyumba yako ikiwa Likoni mjini na kazi iko Moi Avenue, chagua nyepesi.

Kabla ya kuwasha injini

Mwambie mwenye pikipiki asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ina joto, huenda kuna tatizo la kuwaka asubuhi ambalo hataki ulione. Mwulize kwa adabu, usimshutumu, lakini rudi siku nyingine asubuhi.

Karatasi ni jambo la mwanzo na nitalipitia haraka. Namba ya chesi, ambayo kwa kawaida huwa imechongwa shingoni mwa usukani, ilingane na iliyo kwenye logbuku. Namba ya injini vivyo hivyo. Fanya utafutaji wa rekodi kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wewe mwenyewe, kwa simu yako, usikubali karatasi iliyochapishwa na muuzaji. Rangi iliyoandikwa ikiwa nyekundu na pikipiki ni nyeusi, mabadiliko hayo yalipaswa kuandikishwa, na kama hayakuandikishwa mzigo huo utakuwa wako.

Kisha piga magoti. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwisho wa mfululizo huo kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya pikipiki kubwa isiyotembea huzeeka bila kulika. Jua la Pwani hulikausha gamba, nyufa ndogo zikatokea kati ya maua. Mimi tairi lililopita miaka sita nalihesabu kama halipo, hata likiwa na maua yote, na bei ya jozi mpya naitoa kwenye bei ya pikipiki.

Angalia vyuma vya uma wa mbele, yaani nguzo mbili zinazoshika gurudumu. Pitisha kidole kwenye sehemu inayoingia na kutoka. Ukiona mafuta, sili imekufa. Ukihisi vidoti vya kutu, hata sili mpya itakatika muda si mrefu. Fungua macho kwenye kifuniko cha mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo yakiwa na rangi ya chai ya rangi jua hayajabadilishwa kwa miaka. Kila miaka miwili ndio muda wake. Baadhi ya Harley za zamani zilitumia DOT 5 ya silikoni, ambayo haichanganywi kabisa na DOT 4, kwa hiyo soma kifuniko kabla ya kumwaga chochote.

Kwenye pikipiki ya shafti, iweke juu ya stendi ya kati, shika gurudumu la nyuma juu na chini, kisha pande zote mbili, ulitikise. Mchezo mdogo sana unaweza kuvumilika kwa mujibu wa kitabu chake, lakini likigonga gonga, beringi zimekwisha. Angalia chini ya kikombe cha shafti kama kuna mafuta yanayovuja.

Chumvi ndiyo adui wa huku kwetu. Pikipiki iliyoishi miaka mitatu Nyali, mita mia mbili kutoka baharini, haifanani na ya umri ule ule iliyokaa Eldoret. Chomoa kiti uangalie ncha za betri na vishikizo vya nyaya. Unga wa kijani au mweupe ni ishara ya kutu inayotafuna nyaya kwa ndani. Tazama vichwa vya bolti, spoku kama zipo, na upande wa chini wa mabomba ya moshi. Pikipiki inaweza kung'ara juu na kuoza chini.

Jaribio lenyewe

Hapa usiharakishwe. Mzunguko wa dakika tano kuzunguka mtaa haukuambii lolote. Omba nusu saa kwa uchache, na kama utakuwa ukimbeba mwenzio, mwombe mwenye pikipiki hivi: "Ami, samahani, mimi nitasafiri na mke wangu. Naomba niijaribu peke yangu kwanza, kisha nimpakie naye." Muuzaji wa kweli atakuelewa. Mtakubaliana kwa maandishi nani atalipa ikianguka, utaacha kitambulisho, na utahakikisha bima inamhusu mtu mwingine anayeendesha. Leseni yako iwe na daraja la pikipiki. Kofia ngumu na koti la kuakisi mwanga ni sheria, kwako na kwa abiria. Viatu viwe vya kufunika kifundo, hata kama kuna joto.

Anza ikiwa imezimwa. Panda, iinue kutoka stendi ya pembeni, isukume nyuma hatua tano. Kama huwezi kuisukuma nyuma kwenye sakafu tambarare, hutaweza kwenye changarawe. Weka miguu chini. Si lazima nyayo zote ziguse, lakini mguu mmoja ugusie kikamilifu.

Hilo la mguu nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza na pikipiki kubwa nilisimama kando ya barabara Mtwapa kumsubiri mwenzangu. Niliangalia lami, sikuangalia mchanga uliokuwa juu yake. Mguu wa kushoto uliteleza na kilo zaidi ya 280 zikaniendea taratibu, wala sikuweza kuzizuia. Nilijifunza siku ile namna ya kuinua: zima injini, tia gia ili isiviringike, geuza usukani upande ilikoangukia hadi mwisho, geuka uipe mgongo, kalio liegemee kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi ukitumia miguu, si kiuno. Ikiwa imelalia upande wa kulia, fungua stendi kwanza, isije ikapita na kuangukia upande wa pili. Mwombe muuzaji akuruhusu ujizoeze kuiinamisha kidogo na kuirudisha, mtu akiwa upande wa pili, kabla hujaondoka.

Sasa iwashe. Baada ya kupasha moto, ikiwa imesimama, zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Mngurumo wa injini usibadilike. Mngurumo ukipanda, kuna waya unaovutwa. Ikiwa juu ya stendi ya kati na gurudumu la mbele limeinuliwa, usukani uzunguke laini bila kukwama katikati. Mkwamo mdogo pale pale panapoelekea mbele maana yake beringi za shingo zimechimbika.

Tafuta uwanja mpana wa maegesho Jumapili asubuhi na ufanye mizunguko ya polepole kwa gia ya kwanza: klachi nusu, breki ya nyuma imeguswa kidogo, mafuta yametulia, macho yanatazama unakokwenda wala si gurudumu. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekunjwa. Pikipiki kubwa haitishi kwenye kilomita 100 kwa saa. Inatisha kwenye kilomita 5, na hapo ndipo utakapojua kama mnaelewana.

Njia ninayoipenda kwa jaribio inaanzia Nyali. Vuka daraja la Nyali kuingia kisiwani. Wakati wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, upepo hukupiga ubavuni hapo juu na utahisi ngao ya mbele inavyouchukua. Usibane usukani; legeza viwiko uone kama pikipiki inajirudisha yenyewe. Endelea hadi Makupa, Kibarani na Changamwe, na makusudi upite saa ambayo kuna malori. Dakika kumi na tano za kwenda na kusimama kwenye jua la nyuzi 32 zitakuambia habari za joto kuliko kitabu chochote. Feni inapaswa kuwaka na kuituliza injini. Harufu tamu tamu ni maji ya rejeta yanayovuja. Sikiliza mapaja yako. Harley nyingi za safari zina mfumo wa kuzima silinda ya nyuma zikisimama zikiwa na joto kali, kwa hiyo ukisikia mngurumo umebadilika na kuwa kama unachechemea kwenye msongamano, huo ni mpango wake, na utarudi ukivuta mafuta.

Baada ya Miritini ingia Dongo Kundu. Barabara ni nzuri, na juu ya daraja la Mteza kuna upepo tena. Hapo panda hadi kilomita 80 na utulie. Angalia vioo: unaona gari lililo nyuma au unaona mtetemo tu? Vidole vinakufa ganzi? Kioo cha upepo kinakupeleka hewa wapi? Fanya jaribio hili dogo: inamisha kichwa kidogo, kelele ikipungua, kioo ni kifupi kwako. Kisha jinyooshe juu. Kelele ikipungua, kioo ni kirefu na ukingo wake unakutupia hewa iliyovurugika usoni. Andika jibu, litakuokolea pesa nyingi.

Mahali pasipo na gari nyuma, funga breki kwa nguvu kutoka kilomita 60 hadi kusimama, pikipiki ikiwa imenyooka. Kwenye yenye ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge, utahisi mapigo mkononi au mguuni. Isivute upande. Gold Wing ya kuanzia 2018 haina uma wa kawaida mbele, ina mikono miwili inayobeba gurudumu, kwa hiyo haitajiinamisha mbele kama ulivyozoea. Usidhani breki hazishiki.

Rudi, mpakie abiria wako, upite kwenye matuta. Muulize yeye, si wewe. Magoti yake yamekunjwa kiasi gani? Anaona mbele au anaona kofia yako tu? Springi ya nyuma ikigonga mwisho kwenye tuta la polepole, kumbuka kwamba bado hujatia mizigo. Kisha simama kivulini uandike yote, mwili ungali unakumbuka.

Kutoka daftarini hadi kwa fundi

Pikipiki umeinunua. Usibadilishe chochote kwa kilomita 500 za kwanza isipokuwa kilicho hatari. Halafu fungua daftari uone malalamiko gani yamebaki. Mpangilio wangu ni huu: mwili kwanza, kisha springi, kisha mizigo, kisha umeme, na urembo mwisho kabisa. Yako yanaweza kutofautiana kidogo, lakini anayeanza na bomba la moshi anaanza na kitu ambacho hakikulalamikiwa.

Mikono. Ukikaa, viwiko viwe vimelegea na mabega yasiinuke masikioni. Vipande vya kuinulia usukani vya milimita 20 hadi 30 vinatatua mengi kwa bei ndogo. Lakini baada ya kuvifunga, zungusha usukani mwisho kwa mwisho na uangalie kila mpira wa breki na kila waya. Kitu kikivutika hata kidogo, fungua upya.

Kiti. Mombasa tuna bahati ya mafundi wanaoshona viti vya matatu na tuktuk, na mikono yao ni mizuri. Tatizo ni kwamba wamezoea kufurahisha macho kwa sponji nene. Mweleze fundi wazi: "Fundi, usiniongezee unene. Nataka sponji ngumu zaidi, na hapa mbele upunguze ili miguu ishuke." Sponji laini huhisi vizuri dukani, na baada ya saa mbili imelala chini na mifupa ya makalio inagusa bodi. Nenda na pikipiki, kaa juu ya sponji tupu kabla haijavalishwa, saa nzima kama anakuvumilia, akate palipobaki panapouma. Mshono usipite katikati ya pakukalia, maana mvua ya masika itaingia humo na sponji itakuwa kama sifongo. Ngozi bandia nyeusi ikikaa juani saa sita mchana haikaliki, kijivu kinasaidia.

Kioo cha upepo. Ukiwa umekaa, ukingo wa juu uwe sentimita tatu hadi tano chini ya mstari wa macho, ili mvua ikinyesha uone juu yake. Usikate wala kuagiza kipya kabla hujajaribu kipande cha kadibodi ngumu na gundi ya karatasi kwa mwendo mdogo. Kwa watu wa Pwani napendelea kioo kifupi: hewa safi kifuani ni ya thamani zaidi ya ukimya. Anayekwenda bara atafute kinachopanda na kushuka, kwa sababu Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na mtu aliyeondoka Mombasa na fulana atatetemeka huko.

Springi ndiyo kazi ninayoiomba uifanye hata ukiacha nyingine zote. Zinakuja zimepangwa kwa mtu mmoja wa wastani, na wewe si yeye. Utahitaji watu wawili na futi ya chuma. Inua gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka kwenye ekseli hadi alama uliyoitia juu yake kwenye bodi. Shusha, panda na nguo zako zote za safari, mmoja akushike wima, mwingine apime tena. Tofauti iwe karibu asilimia 30 ya mwendo wote wa springi. Kwenye R 1250 GS yenye sentimita 20 hiyo ni kama sentimita sita. Kwenye Gold Wing ni kama tatu. Ikishuka zaidi ya hapo, kaza springi; ikishuka kidogo, legeza. Rudia ukiwa na abiria na masanduku yaliyojaa, uandike idadi ya mizunguko daftarini. Pikipiki nyingi mpya zinafanya hivyo kwa kitufe, zikionyesha picha ya kofia moja, kofia na begi, au kofia mbili. Watu hununua mfumo huo kwa pesa nyingi na kuuacha kwenye kofia moja maisha yote. Kama springi imekazwa hadi mwisho na bado inalala, nunua springi ngumu zaidi inayolingana na uzito wako.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla ya kuondoka. GS na Gold Wing zote zinataka 36 mbele, na nyuma 42 kwa ya kwanza na 41 kwa ya pili, kwa kipimo cha PSI. Ukisimama Voi ukakuta namba imepanda, usiutoe. Ni joto, na ukiutoa, kesho asubuhi utakuta tairi limelegea.

Mizigo ina hesabu yake. R 1250 GS inaruhusiwa kufikia kilo 465 kwa jumla. Toa 249 zake, zinabaki 216. Wewe na nguo zako kilo 95, abiria 70: zimebaki 51. Masanduku matatu ya alumini na vyuma vyake yanaweza kula kilo 20 yakiwa matupu. Zimebaki kama 30 za nguo, maji na vifaa, na umeme wa ziada haujahesabiwa. Kila pikipiki ina kibao chake au kitabu chake. Kaa na kalamu. Vizito viwe chini na karibu na wewe, sanduku la juu libebe vyepesi tu, kwa sababu uzito nyuma ya ekseli huinua gurudumu la mbele na usukani huanza kucheza kwenye mwendo.

Umeme. Fundi mmoja aliwahi kuniungia taa za ziada kwa kukwangua waya wa taa ya nyuma na kuuzungushia utepe. Usiku, karibu na Maungu, fyuzi ilikatika na nikawa sina taa hata moja nyuma, malori yakija. Tangu hapo sikubali waya wa pikipiki ukwanguliwe. Taa zipate njia yao kutoka betri, fyuzi iwe karibu kabisa na ncha ya betri, rilei ifanye kazi ya kubeba mkondo, na swichi iamuru rilei tu. Kwenye pikipiki zenye kompyuta hili si hiari, kwa sababu kompyuta ikiona mkondo isioujua hukata. Hesabu wati: jenereta ya R 1250 GS inatoa 510, na pikipiki yenyewe inatumia sehemu kubwa. Taa mbili za LED za wati 20 na chaja ya simu hazina shida. Kila kiungo kitiwe grisi na kivishwe mpira wa kusinyaa kwa joto, la sivyo chumvi itakifikia. Taa za bluu na nyekundu za kumetameta mbele acha kabisa.

Bomba la moshi jipya, kama unalitaka, jua kwamba kulibadilisha pamoja na chujio la hewa hufanya mchanganyiko upungukiwe petroli, injini ikaongeza joto, na joto tayari tunalo. Kompyuta ipangwe upya na anayejua. Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009, na majirani nao wana masikio.

Bodi za plastiki zilizopasuka watu huzipeleka kwa mafundi wa boti za faiba, na kwa masanduku ya faiba ni wazuri sana. Lakini bodi nyingi za pikipiki ni plastiki ya ABS, na gundi ya boti haishiki humo vizuri. Vipande vya plastiki hiyo hiyo vilivyoyeyushwa kwa asetoni hushika zaidi. Na bolti za stenlesi ni nzuri, ila zikiingia kwenye alumini pamoja na chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Zipake grisi ya kuzuia kukwama kabla ya kufunga.

Uoshaji nao ni sehemu ya matengenezo. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na ndiyo yanayotumiwa sehemu nyingi za kuoshea magari. Unaosha vumbi na kuacha chumvi. Osha kwa maji matamu ya mfereji, hata ndoo mbili tu, upande wa chini kwanza, kisha endesha dakika kumi ikauke.

Jaribu upya

Kazi ikikwisha, pakia kila kitu kama unasafiri kweli na uzunguke: Mombasa, Mariakani, Kaloleni, Mavueni, Kilifi, Mtwapa, nyumbani. Kuna malori, matuta, kona, vilima na upepo wa daraja la Kilifi, vyote ndani ya nusu siku. Simama Mariakani uguse kila bolti uliyofungua na kila kishikio cha sanduku. Simama tena Kilifi. Kilichotikisika kitakuwa kimejitokeza kufikia hapo.

Ukifika nyumbani, usishuke haraka. Zima injini, kaa juu yake dakika moja, sikiliza mabega, viganja, makalio na magoti, umuulize na mwenzio. Fungua ukurasa mpya wa daftari, uandike tarehe, kilomita na chochote kinachouma bado.